Nyumba ya mawe, mama mzee na kiyoyozi cha Maskati

Assalaam alaykum, na shikamoo Bibi.

Naishi Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba tuliyoachiwa na bibi mzaa mama. Ni nyumba ya mawe ya zamani, ya ghorofa mbili, yenye ua katikati na kuta nene ambazo ukinyoosha mkono dirishani kiwiko kinabaki ndani. Tunaishi watu sita. Mama ana miaka 78, ana presha na magoti mabovu, na chumba chake kiko juu kabisa, ndicho alichokizoea tangu usichana wake. Kuteremka ngazi ni shida, na kumhamisha chini hataki hata kusikia.

Kaskazi iliyopita, msimu wetu wa joto, ilitutia hofu. Usiku kucha mama yu kitako kitandani anajipepea, shuka imerowa, na alfajiri hana nguvu hata za kutawadha. Daktari akatwambia tumpatie pahala pa baridi pa kulala.

Kaka yangu yuko Maskati. Ana kiyoyozi cha BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) alichokitoa kwake aliponunua kipya, anataka kukipakia kwenye kontena atuletee. Anasema kwao madirisha yamefungwa mwaka mzima na hakuna anayelalamika. Nimemwita fundi wa mafriji, akatazama kwa macho tu. Mashine ya nje anataka kuitundika ukuta wa mbele juu ya mlango, ukuta atoboe kwa nyundo na patasi, na maji yamwagikie uchochoroni. Tena anasema chumba kwanza kipigwe plasta ya simenti, maana chokaa inapukutika. Jirani wa mbele ameshapata habari. Kaniambia kwa upole kwamba maji hayo yatamdondokea kwenye baraza yake.

Mdogo wangu hataki kabisa, anasema tukitoboa tu nyumba itatuangukia kama Beit el Ajaib, lile jumba la kifalme la Forodhani. Mama naye anasema akifungiwa madirisha atakosa pumzi. Kaka anatwambia tunamtesa mama kwa sababu ya mawe.

Nilipokuwa mdogo nyumba hii haikuwa na joto namna hii. Tumejitahidi: tumeweka mapanka, ua tumeuezeka kwa yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga ili mvua isiingie, na madirisha ya mbao yaliyooza tumeyabadilisha kwa ya alminiamu na vioo. Bado joto linatuua.

Nimsikilize nani, kaka au mdogo wangu?

Binti wa Kiponda

*

Waalaykum salaam warahmatullah. Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu nyingi.

Nianze na yeye, kwa sababu katika barua nzima yeye ndiye asiyeweza kusubiri. Mzee wa umri huo mwili wake hauwezi tena kujipoza kama wa kijana, na baadhi ya dawa za presha zinamtoa maji mwilini. Kulala kwenye fukuto usiku baada ya usiku kunamdhuru. Kwa hiyo kiyoyozi atiwe, na atiwe kabla kaskazi haijaingia. Hapo kaka yako ana haki, na mdogo wako akubali. Lakini kiyoyozi hicho cha Maskati sikitaki, na kila alichokisema fundi wako kuhusu ukuta nakipinga.

Kabla sijafika huko, narudi kwenye mstari mmoja ulioupita haraka. Umesema mmeuezeka ua na mmeondoa madirisha ya mbao, ukayataja kama juhudi za kupunguza joto. Mwanangu, hapo ndipo joto lenu lilipoingilia. Ua ndio pua ya nyumba ya mawe. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na inapotoka huvuta hewa nyingine kutoka uchochoroni, ambako jua halifiki ila saa chache mchana. Ile hewa ya kivulini hupita madirishani, ikakatiza vyumba, ikaenda uani na kupanda. Nyumba ilikuwa ikipumua hivyo mchana na usiku bila ya panka. Mlipoziba juu kwa plastiki, hewa ya moto ikakosa pa kutokea, na jua linalopenya kwenye plastiki hiyo likawa linaipasha zaidi. Chumba kinachopata tabu kwanza ni cha juu kabisa, cha mama.

Na madirisha ni hayo hayo. Yale ya mbao yenye vibao vya kulala yalikuwa yamefungwa na huku yanapitisha upepo. Jua halikuingia, wala macho ya wapita njia. Dirisha la alminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, na kioo kinaliingiza jua chumbani bila kizuizi. Utasema dunia imebadilika, nami sikukatalii. Ila nyumba yenu imebadilika kwa kasi kuliko dunia. Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme kwa kuharibika waya wa baharini, watakumbuka kwamba ilikuwa kaskazi. Mwenye ua wazi na madirisha ya mbao alilala ndani. Mwenye kuziba alilala barazani.

Basi ua ufungueni. Mkiogopa mvua ya masika, mwiteni seremala ainue hilo paa nusu mita au zaidi juu ya kuta, pande zote ziwe wazi na kingo zitoke nje kidogo. Matone machache yataingia siku ya upepo, na sakafu ya ua ilijengwa kwa ajili ya maji. Madirisha rudisheni mbao kidogo kidogo kadiri ya uwezo. Chumba cha mama kina utaratibu wake: bakisha kioo kwa ndani, tia mbao zenye vibao kwa nje. Kiyoyozi kikiwaka utafunga kioo, kikizimwa utafungua kioo na mbao zitaendelea kumkinga na jua.

Paa hukunieleza, ila nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na sakafu ya chokaa juu, ikavuja, watu wakaweka mabati. Kama na yenu ni hivyo, mama analala chini ya bati lililochomwa na jua siku nzima. Pakeni rangi nyeupe kwa juu, na hakikisheni pale katikati ya bati na dari pana matundu ya hewa yenye wavu wa kuzuia kunguru na popo. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na kama hamkuifanya, kiyoyozi chenu kitashindana na bati usiku kucha kwa pesa zenu.

Sasa hofu ya mdogo wako. Beit el Ajaib ilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, na sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakapoteza maisha. Tundu moja la kiyoyozi haliangushi nyumba. Hata hivyo hofu yake ina msingi, kwa sababu nyumba hizi zinakufa taratibu, na muuaji mara nyingi ni maji. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo. Unanyonya unyevu na kuutoa, kila siku, tangu ulipojengwa. Ndani yake vimeingia vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba sakafu na dari. Ukuta ukikauka vizuri boriti zinadumu miaka mingi sana. Ukibaki na maji ndani, kichwa cha boriti kinaoza pale pale ukutani usipopaona, na siku moja sakafu inashuka.

Ndiyo maana plasta ya simenti nasema hapana. Simenti haipumui. Inafunga unyevu ndani, chumvi inakusanyika nyuma yake, na baada ya misimu michache inabanduka vipande vikubwa na jiwe pamoja. Chokaa yenu inapukutika kwa sababu inatoa chumvi nje, hiyo ni kazi yake. Mtafuteni mwashi anayejua chokaa, akwangue ile iliyokufa, apige upya kwa chokaa iliyolowekwa muda mrefu ikalainika, aiache ikauke aste aste, kisha apake chokaa nyeupe juu. Na rangi za plastiki na za mafuta msizikaribishe kwenye kuta hizo, zinaziba vile vile.

Turudi kwa kiyoyozi. Maskati wakati wa kiangazi joto linafika nyuzi 40 na kupita, na kaka yako anaishi kwenye nyumba ya zege iliyofungwa pande zote. Unguja kwenye kaskazi kali tunazungukia nyuzi 33 mchana, usiku kama 25. Kinachotutesa ni unyevu. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inashusha joto kwa dakika chache, inajizima, na haijapata muda wa kukausha hewa. Mama atalala kwenye baridi yenye unyevunyevu, ukungu mweusi utaota nyuma ya kabati, na huenda magoti yakamsumbua zaidi. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi, kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa zaidi ya hapo. Kwa chumba cha namna hiyo BTU 9,000 zinatosha. Kama bati liko karibu na dari imekuwa refu, 12,000, wala msipande zaidi. Chukueni ya inverta, inayopunguza nguvu yenyewe chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka. Ya 9,000 hata ikienda kwa nguvu zote saa nane mfululizo haifiki uniti saba za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, na ya inverta italala chini ya hapo. Ile ya 24,000 inakula zaidi ya wati 2,000 kila inapowaka.

Mashine ya nje isitundikwe mbele. Ina uzito wa kilo 25 hadi 35, tena inatetemeka, na boliti za kutanua hazishiki vyema kwenye ukuta wa mawe yaliyopangwa, zinalegea na mawe yanalegea nazo. Iwekwe chini uani, juu ya kitako kifupi cha zege chenye miguu ya mpira, mbali na mlango wa jiko. Mashine moja ndogo kwenye ua uliofunguliwa haitaleta shida. Zikifika tatu, ua utageuka tanuri na madirisha ya majirani yatapokea joto lenu. Kutoka uani hadi chumba cha juu, fundi apime urefu wa bomba la shaba kabla hamjanunua chochote. Mashine ndogo nyingi hazivuki mita 15, na bomba likirefuka kupita kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu chake lazima iongezwe gesi kwa kipimo. Bomba za shaba ni mbili, na zote zivikwe sponji lake mwanzo hadi mwisho, hata pale zinapopita ndani ya ukuta. Nimeona nyumba moja Mkunazini fundi aliacha kama urefu wa kiganja bila kuvisha. Bomba lilikuwa likitoa jasho mchana na usiku, na chini yake ukuta ulikuwa umevimba, ukiugusa chokaa inakuja na kidole.

Ukuta utobolewe kwa mashine ya kuchimba tundu la mviringo, ile yenye kikombe, aende polepole. Nyundo na patasi kwenye ukuta wa matumbawe unatafuta tundu la kiganja unapata la kichwa, maana jiwe moja likitoka linavuta jirani yake. Achague mahali palipo mbali na vichwa vya boriti. Mwambie asimame chini ya dari ahesabu boriti kwanza. Tundu liinamie nje kidogo, livishwe kipande cha bomba la plastiki, na uwazi uliobaki uzibwe kwa chokaa.

Maji sasa, na hapa jirani yako kasema kweli tupu. Kwa unyevu wa kwetu mashine ya chumba kimoja inaweza kutoa lita moja kwa saa. Alfajiri umejaza ndoo. Ndoo hiyo ikishuka ukutani kila usiku kwa kaskazi nzima, itafanya kile anachokihofia mdogo wako. Bomba la maji liwe na mteremko njia nzima, lisipinde kwenda juu popote, lishuke hadi kwenye mfereji wa choo au pipa uani. Maji hayo si ya kunywa, ila kwa kudekia na maua yanafaa sana. Fundi akimaliza, mmwagie jagi la maji kwenye sinia ya mashine ya ndani mbele yenu, mwangalie yanatokea wapi, ndipo mmlipe. Na kabla hajafungua gesi, mwone kwa macho yako anaunganisha pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ifanye kazi. Wapo wanaoruka hatua hiyo, na mashine ikafa mapema.

Umeme usipuuzwe. Nyumba zetu nyingi bado zina waya za zamani zilizokauka ngozi, zinapita juu ya boriti kavu. Kiyoyozi kisichomekwe kwenye soketi ya panka wala kwenye ekstensheni. Fundi umeme avute waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, breka yake, waya wa ardhini unaofika ardhini kweli, na ile swichi inayokata umeme ukivuja. Atie na kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka, maana ubongo wa inverta haupendi umeme wetu unavyorudi kwa kishindo.

Kabla ya yote hayo kuna ruhusa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na nyumba yako ni sehemu ya mji huo. Nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe na picha za ua na chumba, uwaeleze mnachotaka, pamoja na hilo paa la ua na madirisha. Kitu kilichofichika uani ni rahisi kukizungumza kuliko kilichoning'inia juu ya mlango wa nakshi. Angalia pia karatasi za nyumba. Kama bibi yenu aliiweka wakfu, Kamisheni ya Wakf nao wana neno. Kama ni urithi, warithi wote waelezwe, hata aliye mbali.

Mama asilazimishwe kulala kwenye friji. Anaposema atakosa pumzi, hakosei sana, kwa kuwa mashine hizi zinazungusha hewa ile ile ya chumbani, hazileti mpya. Kwa mtu mmoja kwenye chumba cha dari refu, uwazi wa chini ya mlango unatosha. Washa kabla ya Isha, kwa sababu hewa inapoa upesi lakini ukuta mnene umekusanya joto la mchana na unalitoa kwa saa kadhaa. Weka 26, panka izunguke polepole, upepo wa mashine upigwe juu ya mlango usimlenge kitandani. Alfajiri zima, fungua dirisha, la kioo na la mbao. Akiona hivyo siku chache, naamini atakubali. Vichujio vya mashine ya ndani vioshwe kila mwezi, na ile ya nje imwagiwe maji matamu taratibu, kwani chumvi ya bahari inakula bati lake upesi, hata kule Kiponda ambako bahari huioni.

Kaka yako mwandikie kwa mapenzi, maana anayoyafanya anayafanya kwa ajili ya mamaake. Mwambie apige picha kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje. Pakiandikwa R22, asiipakie kabisa. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal, na kila mwaka mtazidi kuitafuta kwa tabu. Hata kama ni gesi mpya, ukubwa wake haukufai. Aiuze huko huko. Pesa atakayopata aitume Unguja, itumike kwanza kwa seremala wa paa la ua na mwashi wa chokaa, na nyote mchangie ile ndogo ya mama.